Msaada: nataka kusoma logi za seva za Tukuyu na Njombe nikiwa Mbeya

FundiMwanjelwa
Habari za jioni wakuu. Nahudumia kompyuta za wanunuzi wa parachichi. Ofisi kuu iko hapa Mbeya mjini, ghala moja Tukuyu, jingine Njombe, na kila ghala lina seva ndogo ya Ubuntu inayopokea vipimo vya mizani na kutoa risiti. Programu ya mizani ikikwama napigiwa simu, na siwezi kujua kilichotokea mpaka nipande gari. Huku nyuma wakulima wamepanga foleni na mizigo yao juani. Hilo linaniuma sana.

Nimesikia systemd (inayosimamia huduma za Linux) ina seva yake ya wavuti ya kutoa logi (kumbukumbu za matukio ya mfumo), systemd-journal-gatewayd. Kuna aliyeitumia? Maghala yameunganishwa na ofisi kwa VPN (mtandao wa faragha unaopita kwenye intaneti), ila mtandao wa Njombe unakatika mara kwa mara. Meneja naye anataka kuona, na sitaki kumpa akaunti ya seva.

UyoleTech
Inafaa mkuu. Kwenye Ubuntu imo ndani ya kifurushi systemd-journal-remote. Ukishasakinisha:

`sudo systemctl enable --now systemd-journal-gatewayd.socket`

Poti yake (mlango wa mtandao) ni 19531. Meneja afungue tu `http://anwani:19531/browse` kwenye brauza, atapekua mwenyewe. Wewe tumia curl (amri ya kuvuta kurasa za wavuti), maana unaweza kuchuja:

`curl 'http://anwani:19531/entries?boot&_SYSTEMD_UNIT=mizani.service'`

Hiyo `boot` inaleta za tangu mashine ilipowashwa mara ya mwisho. Ongeza `&follow` na logi mpya zitakufikia zinavyoandikwa.

KihesaLinux
Kabla hujawasha, ndugu yangu, sikiliza. Kitu hiki hakina paswedi. Anayeifikia poti hiyo anasoma logi zote za mfumo, na kama programu ya mizani inaandika majina na namba za simu za wakulima, anazisoma pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na hata isingekuwepo, wakulima hao wametuamini.

Kwa kawaida inasikiliza kwenye anwani zote za mashine. Ibane kwenye VPN tu. Andika `sudo systemctl edit systemd-journal-gatewayd.socket`, kisha:

```
[Socket]
ListenStream=
ListenStream=10.8.0.2:19531
FreeBind=yes
```

Weka anwani yako ya VPN. Mstari mtupu wa kwanza usiusahau, ndio unaofuta ule wa zamani. FreeBind (inaruhusu kusikiliza hata anwani haijapatikana) inasaidia umeme ukirudi na seva ikawaka kabla VPN haijashika. Ukiweza, ongeza vyeti: `--cert` na `--key` vinaleta HTTPS, na `--trust` inamkataa yeyote asiye na cheti ulichokiidhinisha.

MamaSeva_Makambako
Njombe usivute logi ukiwa Mbeya, seva ya ghala izisukume yenyewe. Kifurushi hichohicho kina systemd-journal-upload, inayopeleka logi ofisi kuu, ambako systemd-journal-remote inazipokea kwenye poti 19532. Inakumbuka ilipofikia, kwa hiyo mtandao ukirudi na huduma ikiwaka tena inaendelea pale pale. Kisha hapo Mbeya iwashe gatewayd kwa `--directory=/var/log/journal/remote`, itatoa logi zilizopokelewa kutoka maghalani pamoja. Meneja anabaki na ukurasa mmoja, na maghalani hakuna poti ya wavuti iliyo wazi. Mimi ningefanya hivyo hata Tukuyu.

Tena hakikisha saraka `/var/log/journal` ipo. Kama haipo, logi zinakaa `/run`, na umeme ukikatika zinafutika zote, yaani zile unazozihitaji kuliko nyingine.

FundiMwanjelwa
Asanteni sana wakuu, na dada wa Makambako hasa. Saraka ipo kote. Tukuyu nimeibana kwenye VPN kama KihesaLinux alivyoelekeza, na jibu limeonekana leo hii: umeme ukirudi, mizani.service inawaka kabla kebo ya USB ya mizani haijatambulika, inakosa kifaa na kufa. Namalizia kuiambia isubiri kifaa, kisha nahamia kwenye kusukuma logi kwa maghala yote mawili. Vyeti vya journal-remote nitavitengeneza wikiendi, nikikwama nitauliza humu humu.