Naomba ushauri: uzamili upi unamfaa afisa ustawi wa jamii anayeshughulikia ndoa na malezi?

Mama Majalada (mwanzisha mada):

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika halmashauri moja ya Mkoa wa Geita. Nina shahada ya kwanza ya fani hii, na mwaka huu natimiza miaka 8 kazini. Naomba ushauri kuhusu masomo ya uzamili, na kwa kuwa jambo hili limenisumbua kwa muda mrefu, naomba mnivumilie nieleze kwa kirefu.

Sehemu kubwa ya kazi yangu ni familia. Benchi la nje ya ofisi hujaa akina mama wanaodai matunzo ya watoto, na wengi wao waume zao wako machimboni, wala hawajui wamehamia duara lipi, yaani shimo lipi la kuchimbia dhahabu. Mara nyingine mahakama inahitaji ripoti ya uchunguzi wa kijamii chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, nami natakiwa kupendekeza mtoto akae na nani baada ya kuitembelea nyumba mara moja tu, kwa sababu pikipiki ya idara ni moja na mafuta yake hayana uhakika.

Kilichonisukuma kuandika ni shauri la miaka 3 iliyopita. Nilisuluhisha ndoa ya mama mmoja aliyekuwa akipigwa. Mume aliahidi kuacha, mbele yangu na mbele ya wazee wa pande zote mbili, akatia sahihi, nami nikaandika kwenye jalada kwamba shauri limekwisha. Haukupita muda nikamkuta yule mama wodini, mkono umevunjika. Alipona, na sasa anaishi kwa dada yake. Hatua zote nilizofundishwa nilizifuata, lakini sikujua namna ya kupima hatari kabla ya kuwaketisha mke na mume pamoja, wala sikujua kwamba yapo mashauri ambayo hayafai kuketishwa kabisa. Tangu siku ile sina amani ninapoandika neno "wamesuluhishwa".

Nimefikiria njia 3. Ya kwanza ni uzamili wa ustawi wa jamii hapa nchini, ama kwa kuhudhuria darasani Dar es Salaam, ama kwa masafa kupitia Chuo Kikuu Huria. Ya pili ni uzamili wa saikolojia ya ushauri nasaha. Ya tatu ni chuo kimoja cha Marekani kinachotoa kwa mtandao shahada ya uzamili ya huduma za familia na jamii. Maelezo yake yananivutia kwa sababu yanataja familia moja kwa moja, ila ada yake ni kubwa kwa mshahara wangu. Nina watoto 2 wadogo. Je, ipi itanifundisha kile nilichokikosa?

Mkaazi wa Minnesota:

Dada, naomba nikujibu kuhusu ile njia ya tatu, kwa kuwa niliipita mwenyewe. Ninafanya kazi na familia za wakimbizi wa Kongo zilizoletwa hapa Marekani, nyingi zikiwa zimeishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na ndiyo sababu Kiswahili ndiyo lugha yangu ya kazi. Nilipokuja nilisoma uzamili wa huduma za jamii kwa mtandao. Ulikuwa na masomo mazuri ya uongozi wa miradi, sera na maandiko ya kuomba fedha. Nilipotaka kuomba leseni ya jimbo ili nishauri familia chini ya usimamizi, niliambiwa shahada yangu haihesabiki, kwa sababu leseni ya mtaalamu wa ustawi wa jamii hapa inadai uzamili wa fani hiyo hasa, kutoka programu iliyoidhinishwa na baraza la elimu ya fani hiyo, CSWE. Nikaanza upya.

Tofauti kubwa niliiona kwenye vitendo. Programu zilizoidhinishwa na baraza hilo zinamtaka mwanafunzi wa uzamili afanye saa zisizopungua 900 za kazi chini ya msimamizi. Programu yangu ya kwanza haikudai hata saa moja. Wewe hutafuti leseni ya Marekani, lakini swali la saa za vitendo linakuhusu hata ukisomea Kijitonyama, kwenye Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya huko Dar es Salaam: waulize ni saa ngapi, nani atakusimamia, na msimamizi huyo amewahi kushughulikia ukatili wa majumbani au la. Vilevile, shahada ya nje itahitaji kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), kwa hiyo usilipe senti kabla ya kuulizia huko.

Mlezi wa Vitendo:

Mwanangu, pole kwa lile lililokupata, na pole zaidi kwa yule mama. Nimesimamia wanafunzi wa vitendo kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na ninakuambia wazi kwamba pengo ulilolitaja ni la wengi wetu. Tulilelewa katika fikra kwamba ofisi ya ustawi ni ofisi ya kupatanisha, na aliyepatanisha ndoa nyingi ndiye aliyesifiwa.

Ushauri wangu ni uzamili wa ustawi wa jamii hapa nchini. Saikolojia ya ushauri nasaha ni fani nzuri, na itakufunza kumsikiliza mtu mmoja kwa kina, lakini yule mama hakukosa mtu wa kumsikiliza. Alikosa mahali pa kulala usiku ule, alikosa mtu wa kumfuata nyumbani juma lililofuata, na ofisi yako haikuwa na makubaliano na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi kuhusu nani afanye nini mume akirudia. Hayo ni mambo ya mfumo, nayo ni ya fani yako.

Kuna jambo jingine ambalo shahada ya mtandaoni kutoka mbali haitakupa. Nadharia za familia utakazosoma, ikiwa ni pamoja na ile ya mifumo ya familia ya Murray Bowen, zilitokana na kliniki za Marekani. Zina faida, nami nimezifundisha kwa moyo. Lakini huko uliko, ndoa imefungwa kwa ng'ombe, na mara nyingi mke anayetaka kuondoka anazuiwa na kaka zake mwenyewe, kwa kuwa mahari ikidaiwa irudishwe, ng'ombe wale wamekwisha kuolea mke mwingine. Tathmini ya hatari isiyouliza habari za mahari imeacha nusu ya hatari nje. Unahitaji mwalimu atakayekaa nawe juu ya jambo hilo, akubishie, akutume urudi kijijini ukaulize tena.

Tasnifu yako iwe juu ya hilohilo: nini hutokea kwa wanawake baada ya jalada kuandikwa "wamesuluhishwa". Ila usidhani kwamba majalada ya ofisi yako ni mali yako kwa kuwa wewe ndiye uliyeyaandika. Utahitaji kibali cha chuo, cha mkoa na cha mkurugenzi, na wale akina mama wana haki ya kukataa kushiriki bila kuogopa kwamba watakosa huduma kwako. Tafuta mtu mwingine wa kuwauliza.

Wakili Mstahivu:

Naongeza jambo moja la kisheria. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinataka mgogoro upitie baraza la usuluhishi kabla ya maombi ya talaka kufika mahakamani, na hapo ndipo maofisa wengi hudhani kwamba wamelazimishwa kupatanisha. Sivyo. Baraza likishindwa linatoa cheti cha kueleza hivyo, na kifungu hichohicho kinaruhusu mahakama kupokea maombi bila cheti pale inaporidhika kwamba kuna mazingira ya kipekee. Chagua programu yenye somo la sheria ya familia linalofundishwa na mwanasheria.

Utumishi Makini:

Dada, kabla ya kuomba chuo, hakikisha jina lako limeingia katika mpango wa mafunzo wa halmashauri, na upate ruhusa ya mkurugenzi kwa maandishi. Nimeona watumishi walioanza kusoma kwa ruhusa ya mdomo wakaingia katika mashtaka ya utoro baada ya mkuu wa idara kuhama. Hata ukisoma kwa masafa, omba ruhusa ya siku za mitihani na za vitendo mapema.

Mama Majalada:

Nawashukuru sana nyote. Mama yangu Mlezi wa Vitendo, habari ya ng'ombe umeieleza kana kwamba ulikuwepo. Kaka mkubwa wa yule mama ndiye aliyenisihi nimrudishe kwa mumewe, nami nilimwona kuwa mzee mwenye busara, sikumuuliza kitu. Na wewe wakili, kwa miaka 8 nimekuwa nikikitoa cheti kile kwa aibu, kana kwamba nakiri kushindwa kazi.

Nimeiacha njia ya tatu. Kati ya Kijitonyama na Chuo Kikuu Huria bado sijaamua, kwa sababu ya watoto, lakini leo nimeviandikia vyuo vyote viwili kuuliza saa za vitendo na msimamizi, na barua ya kuingizwa katika mpango wa mafunzo nitaipeleka masjala Jumatatu. Naomba niulize jambo moja la mwisho: ikiwa nitasoma kwa masafa, je, vitendo naweza kuvifanyia katika Dawati la Jinsia la wilaya yangu, au ni lazima niende mahali ambapo hakuna anayenifahamu?

Mlezi wa Vitendo:

Nenda mahali pengine, mwanangu, hata kama ni wilaya ya jirani. Kwenye dawati la kwenu kila askari anakujua kuwa ni afisa wa ustawi, watakuachia mashauri na kwenda zao, na hakuna atakayekusahihisha.

Mama Majalada:

Nimeelewa, mama. Nitaomba Sengerema.