Naomba ushauri: nakala za data za ushirika nizitunze vipi?

Wakuu, habari za jioni. Niko Masasi, natunza kompyuta za chama cha ushirika cha wakulima wa korosho. Seva ni moja tu, ndiyo yenye kilo na malipo ya kila mkulima. Nakala naweka kwenye hadidiski ya nje, nayo inakaa kwenye droo chini ya seva hiyohiyo.

Wiki iliyopita umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, seva ikagoma kuwaka siku 2. Wazee wamesimama dirishani na stakabadhi mkononi, sina cha kuwajibu. Iliniuma sana. Data za siku 4 zilipotea, tukaziandika upya kutoka vitabuni.

Nimeshanunua UPS, kile kifaa chenye betri cha kushikilia umeme ukikatika. Kuhifadhi mtandaoni nimejaribu, bando linakwisha kabla faili hazijapanda. Na tunakumbuka Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini zilipokatika.

Sasa nataka hadidiski ya pili iende Mtwara mjini kila Ijumaa. Niifungeje ili ikiibiwa njiani taarifa za wakulima zisisomeke? Na zoezi la kurejesha data nilifanye kila baada ya muda gani, bila kusimamisha kazi msimu ukianza Oktoba?