Tupeane uzoefu: mliosoma uhandisi mitambo, mashine gani iliwafundisha kazi?

Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu kamaliza form six PCM hapa Tanga, anataka kusoma mitambo, kaniuliza kazi yenyewe ikoje nikaona tumkusanyie visa vya kweli. Naanza mimi.

Ajira yangu ya kwanza ilikuwa shamba la mkonge njia ya Korogwe, nikawekwa korona. Kwa asiyeijua, korona ndo mashine inayokwangua jani la mkonge zibaki singa, yaani nyuzi zake, na singa zenyewe ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani, zingine zote maji na makapi, na yale maji yana asidi yanakula chuma vibaya mno. Wiki ya pili beringi ya ngoma, lile pipa linalozunguka kukwangua majani, ikachemka, mkono huweki. Mimi na digrii yangu nikachukua grisi nikashindilia mpaka ikatokea pembeni, ikazidi kuchemka! Mzee mmoja fundi, darasa la saba, akazima mashine, akafungua akachota grisi kwa kidole ikabaki kama theluthi ya nafasi, akasema mwanangu hii umeivimbisha. Tukawasha, ikapoa. Usiku nikafungua daftari la chuo, imeandikwa kabisa, grisi ikizidi beringi inaivuruga muda wote inapozunguka na mvurugo huo ndo joto. Mtihani wa hiyo mada nilifaulu.

Dada wa Pongwe: Mimi PT, mafunzo kwa vitendo ya chuo, mwaka wa pili, kiwanda cha saruji. Usiku umeme ukakatika, nikashangaa watu wazima wanakimbilia injini ya dizeli ya akiba. Klinka, yale mawe yanayosagwa kuwa saruji, mle tanurini inafika nyuzi 1450 hivi na tanuri ni bomba refu la chuma limelalia rola, likisimama na moto wake linapinda kwa uzito wake lenyewe. Tukawa tunalizungusha kidogo kidogo mpaka alfajiri, mimi msichana peke yangu shifti ile, kazi yangu kushika saa. Mpaka leo umeme ukikatika nyumbani moyo unanilipuka.

Wa Makorora: Kabla ya chuo aende VETA akashike welding na lethi, mashine ya kuchonga vyuma. Mimi nilifika mwaka wa kwanza sijawahi kushika tupa, karakana niliteseka sana.

Wa Ngamiani: Na mwambie mapema habari za ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, akimaliza ajisajili kama mhandisi mhitimu, kuna mpango wa mafunzo kazini unaitwa SEAP, miaka 3 chini ya mhandisi mzoefu. Logibuku, daftari la kazi alizofanya, ajaze kila wiki jamani. Mimi niliacha zikarundikana, aliyetakiwa kunisainia akahama kampuni, nikapoteza karibu miaka 2 na iliniuma kweli.

Mwanzisha mada: Asanteni sana. Dada wa Pongwe, dogo kasoma kisa chako mara mbili, anauliza mlikuwa mnalizungusha kiasi gani?

Dada wa Pongwe: Robo mzunguko, tunasubiri, robo tena. Mwanzoni haraka haraka, likizidi kupoa tunaachanisha muda. Mwambie swali zuri hilo.