MREJESHO: yule sungura wa kroshia aliyekuwa anatokwa na pamba

Wadau nimerudi kama nilivyoahidi. Mimi ndo yule niliyelalamika kichwa cha sungura wangu kina matundu mpaka pamba inachungulia, na mishono kila nikihesabu napata idadi tofauti.

Asanteni sana aisee. Nilifumua chote (roho iliuma) nikaanza upya na sindano ndogo, nilikuwa natumia ya milimita 5 nikashuka mpaka 3.5 uzi ule ule, vidole vinauma kidogo ila matundu yameisha. Na aliyesema niweke kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye mshono wa kwanza wa kila mzunguko ubarikiwe, sasa idadi ya mishono kwa kila mzunguko, 6, 12, 18, 24, inakuja yenyewe, kumbe nilikuwa sijui mzunguko unaishia wapi maana inazunguka tu kama gamba la konokono. Kupunguza mishono ili kichwa kifunge nako nimeshika nyuzi za mbele tu za mishono miwili, haionekani kabisa.

Kile kitanzi cha kuanzia, kile unachokivuta kibane tundu la katikati, kimenishinda, nimejaribu mara nane! Nikaanza na cheni 2 (vile vitanzi vinavyofuatana kama mnyororo) nikaingiza mishono 6 kwenye cheni ya pili kutoka kwenye sindano, katundu kamebaki ila kako utosini, masikio yamekaficha.

Masikio yenyewe sasa... moja liko juu kuliko lenzake, mliniambia niyabane kwa pini kwanza kabla ya kushona mimi nikaona nachelewa. Macho nimedarizi kwa uzi mweusi, ya plastiki mtoto angeyang'oa akameza. Ameshalala naye.