Naomba ushauri: nimeitwa kazi ya Baba Krismasi hapa Moshi, malipo hayaeleweki

Wakuu, heshima zenu. Kuna supamaketi hapa Moshi mjini wanataka niwe Baba Krismasi kuanzia tarehe 15 hadi 24 Desemba, saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Bosi anasema malipo "tutaelewana mwishoni", na hapo ndipo roho inapokataa. Wachaga watakuwa wamesharudi nyumbani, duka limefurika, halafu mimi nielewane mwishoni?

Suti nimeijaribu. Kitambaa kizito kama blanketi, ndevu za nailoni zinaingia mdomoni ukiongea, na joto la Desemba la Moshi mnalijua. Jasho lilifika kwenye buti kabla sijamaliza kufunga mkanda. Huko Ulaya na Marekani lilikotoka vazi hili Desemba ni baridi, wana haki yao.

Mliowahi kuifanya, mlidai kwa siku au kwa saa? Kianzio nusu kinakubalika, tena kwa maandishi? Na mtoto akiomba baiskeli huku mama yake anakukonyeza kwamba hela hakuna, unamjibu nini? Wale wanaolia wakiona ndevu tu nitawarudisha kwa mama zao, hao hawanisumbui.

Bosi anataka jibu Ijumaa.