Tupeane uzoefu: springi za kushusha gari na shokapu zinazopatana nazo

ChumaSita
Wakuu, leo nimepita Gerezani ya Dar, kwa wauza spea, kutafuta bushi (raba za maungio), nikakuta kijana anauziwa springi fupi za Toyota Altezza, mtumba wa Japani, anaambiwa "we funga tu, shokapu zako zitabeba". Nimeondoka roho haijatulia, ndiyo maana nafungua uzi huu.

Mimi naendesha Altezza SXE10, ile ya injini ya 3S-GE yenye gia sita. Imeshuka kama sentimita mbili na nusu, springi na shokapu zimechaguliwa pamoja, na kona inakata vizuri kuliko ilivyotoka kiwandani. Mantiki yake ni hii: ukifupisha springi, nafasi ya tairi kupanda inapungua, kwa hiyo springi lazima iwe ngumu zaidi, la sivyo kila shimo unagonga stopa, kile kimpira cha ndani ya shokapu. Springi ngumu nayo inafyatuka kwa nguvu zaidi, na wa kuituliza ni shokapu. Shokapu ya kiwandani ilitengenezwa kwa springi ya kiwandani. Ndipo unapoona gari imepita tuta halafu inadunda mara mbili tatu kabla ya kutulia.

Waliopitia haya waseme. Umeshusha gari gani, umefunga nini, barabara imekujibu nini?

Kipusa_T
Ile kudunda baada ya tuta! Umenikumbusha mbali mkuu.

Subaru254
Nairobi hapa. Wadau, Altezza ina wishboni mbili kila tairi, yaani amu (mkono wa chuma unaoshika tairi) juu na chini, kwa hivyo inavumilia. Subaru Impreza GDB ni strati mbele na nyuma, yaani shokapu na springi zimeungana na ndizo zinashika tairi kwa juu badala ya amu, hiyo ni hesabu nyingine kabisa. Nilinunua yangu ikiwa tayari imelazwa chini sana, ukichungulia unaona amu za mbele zimeelekea juu upande wa tairi. Ilikuwa inapendeza kwa macho kweli. Lakini kwa kona za kuelekea Limuru ililala ubavu kuliko Impreza ya jirani ambayo haijaguswa! Springi ngumu na bado inalala. Sababu ni kwamba kwa strati, ukishusha kupita kiasi, ile pointi ambayo bodi inazungukia inashuka haraka kuliko uzito wa gari wenyewe, kwa hivyo uzito unapata mkono mrefu wa kuilaza. Na tairi za mbele zilikwisha ndani huku nje bado ziko na mifereji yote.

Nilitoa zote. Nikaweka springi za kushusha milimita 25 na shokapu za spoti, amu zikarudi karibu kulala sawa na barabara. Gari ikawa gari.

FundiMezaMbili
Subaru254 kaongea ukweli mtupu. Naongeza jambo ambalo mafundi wenzangu wengi hawalifanyi. Ukishafunga springi mpya, zile nati za bushi za amu USIZIKAZE gari ikiwa juu ya jeki. Shusha gari chini, ibebe uzito wake, ndipo ukaze. Ukikaza tairi zikiwa zinaning'inia, raba ya bushi inabaki imesokotwa muda wote, itachanika mapema, na mteja atakuja kulaumu springi. Baada ya hapo endesha kidogo springi zikae, kisha alaimenti (kupanga pembe za tairi). Na taa za mbele pimeni upya, gari ikishuka mwanga unabadilika.

GrendaTu
Mnatisha watu bure. Springi ni chuma. Kata nusu duara, rudisha, endesha. Nimeshusha magari ya washikaji wengi na yanatembea mpaka leo.

FundiMezaMbili
Springi zipi? Zile ambazo duara la mwisho limebanwa likakaa bapa, au zile ambazo waya unaishia wazi? Ukikata ile ya kwanza, ncha haikai kwenye kikalio chake.

GrendaTu
Inakaa ukiipanga vizuri. Na hata ugumu unaongezeka, si ndiyo mnautaka?

FundiMezaMbili
Ugumu unaongezeka, hilo sikukatalii. Springi yenye duara sita zinazofanya kazi ukitoa moja, ugumu unapanda asilimia 20. Lakini urefu wake ikiwa huru unapungua pia, na tairi likining'inia springi inabaki inacheza. Na wale wanaozichoma moto ili zilale hata sitaki kuwazungumzia, wanaua chuma chenyewe.

Mama_wa_Kibada
Gari ya mume wangu imeshuka. Ushauri wangu: mkifika kwenye tuta, abiria washuke watembee, mpande tena mbele. Ndivyo tunavyoishi sisi 😂

KitongaSurvivor
Sikutaka kuandika ila GrendaTu amenilazimisha.

Tulikuwa tunatoka Iringa kurudi Dar kwa Impreza ya shemeji yangu. Aliinunua ikiwa chini, muuzaji akamwambia ni springi za spoti. Ndani watu wanne, nyuma gunia la viazi. Tumepita Ilula vizuri, tumeanza kushuka mlima Kitonga. Mbele yetu lori la mafuta linatambaa, nyuma yetu lori la kontena, nalo liko karibu mno. Kuna sehemu lami ilikuwa imeliwa pembeni, tairi la nyuma kushoto likaingia shimoni, likaning'inia kidogo. Nikasikia TANG! chini ya kiti nilichokalia. Gari ikakaa upande. Dada yangu akauliza nini hicho, hakuna aliyejibu. Halafu ikaja harufu ya raba inayoungua, na sauti ya kukwaruza inayoongezeka kila tairi likizunguka.

Shemeji hakukanyaga breki kwa hasira, namshukuru Mungu kwa hilo. Alipunguza gia, akawasha taa za dharura, akawa anatafuta pa kuegesha na pa kuegesha hapapo. Kwenye kona iliyofuata tairi likapasuka. Nyuma ikayumba kuelekea upande wa magari yanayopanda, na basi lilikuwa linapanda. Niliona uso wa dereva wa lile basi. Naapa niliuona. Alibana kwa ndani, tukapishana, shemeji akalirudisha gari kushoto na likasimama limeegemea ukingo. Lori la kontena lilisimama nyuma yetu likiunguruma, tingo wake akaruka chini kabla hata sisi hatujafungua milango, akatuwekea mawe kwenye tairi na matawi barabarani.

Tulipotoa tairi tukaona kila kitu. Springi ilikatwa na grenda. Ncha imeteleza kwenye kikalio, imetoka nje, imechana tairi kwa ndani kama wembe. Dada yangu hakulia pale. Alilia Morogoro, hotelini, akiwa anakunywa chai.

Kipusa_T
Ee Mungu wangu.

Ndevu_za_Tanga
Dereva wa basi apewe nishani. Vipi shemeji, bado anayo hiyo gari?

KitongaSurvivor
Anayo. Alifunga springi na shokapu za kiwandani, seti nzima, na hataki kusikia neno kushusha.

Mama_wa_Kibada
Na viazi?

KitongaSurvivor
Vilifika.

GrendaTu
Poleni sana, nasema kwa moyo. Ila watu wanne na gunia, mteremko wa Kitonga, hata springi mpya ingelemewa.

FundiMezaMbili
Ndugu yangu, uzito unaibana springi kwenye kikalio. Springi ilitoka pale tairi LILIPONING'INIA, wakati haikubeba kitu. Gunia halihusiki hapa.

Ndevu_za_Tanga
Anayebishana na mtu aliyenusurika Kitonga ana lake jambo. Tuendelee.

Mzenji_Maskati
Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko Maskati na Toyota 86. Barabara za huku laini, ila joto la kiangazi linaitesa shokapu: mafuta yake yakipata moto yanakuwa mepesi na nguvu ya kutuliza inapotea. Kwa hiyo nimechagua za silinda moja. Mafuta yake yanagusa ukuta wa nje, yanapoa upesi.

Anayetafuta shokapu za Bilstein aangalie namba: B6 ni ya gari lenye urefu wa kiwandani, B8 imefupishwa kwa gari lililoshuka. Shokapu ya manjano ya kampuni ya Koni ina kirekebisho cha kutuliza mfyatuko, kwa hiyo unaipatanisha na springi uliyonayo. Na musitishike na hesabu. Springi ikiwa ngumu kwa asilimia 40, nguvu ya shokapu inayotakiwa inaongezeka kama asilimia 18 tu, maana inafuata kipeuo cha pili. Shokapu nzuri ya spoti inatosha kwa springi ya kushusha kidogo, hapana haja ya koilova (seti ya springi na shokapu inayorekebishwa urefu) za mashindano.

Subaru254
Napinga kidogo. Kama pesa iko, koilova ni bora, unapandisha na kushusha utakavyo.

Mzenji_Maskati
Na utashusha mpaka chini kabisa wiki ya kwanza. Nakujueni nyinyi.

Kipusa_T
Wakuu, springi zangu za mtumba zimeandikwa 6, za rafiki yangu 59. Zake ni ngumu mara kumi?

ChumaSita
Hapana mkuu, zinakaribia kulingana. Wajapani wanaandika kilo kwa milimita, Wazungu nyutoni kwa milimita. Zidisha ya Kijapani kwa 9.8 upate ya Kizungu. Muulize muuzaji ni kipimo gani kabla hujalipa.

Ndevu_za_Tanga
Mimi nina Mark X, si spoti kamili, msinifukuze. Springi za kushusha sentimita tatu, shokapu za kiwandani zenye umri wa gari. Nibadilishe zote nne au za mbele zinatosha?

GrendaTu
Za mbele tu, nyuma hakuna anayekaa 😂

FundiMezaMbili
Zote nne. Na ukinunua, agiza na stopa, mfuniko wa vumbi na kikalio cha juu, vile vya zamani vimeshakufa. Siku ya kufunga simama pale gereji. Gari ikiwa kwenye jeki na tairi zinaning'inia, shika springi ujaribu kuizungusha kwa mkono. Ikicheza, mwambie fundi aitoe tena hapo hapo, usiondoke nayo.