Msaada: amri yangu ya kuuliza modeli za prosesa inanidanganya

Kijana_wa_Mafiat
Wakuu habari za jioni. Nipo Mbeya mjini, naangalia seva tatu za ofisi, zote zinaendesha mashine pepe (kompyuta za kuigizwa ndani ya seva) kwa KVM ya Linux na programu ya QEMU. Mbili zina prosesa za Intel Xeon E5 v3 (kizazi cha Haswell), ya tatu ni Sandy Bridge, kizazi cha zamani zaidi, nayo ina CentOS 7. Nimeandika kiskripti cha Python nikakiita `uliza-cpu`. Kinatuma `query-cpu-definitions` (amri ya kuomba orodha ya modeli za prosesa za kuipa mashine pepe) kwa QEMU ya kila seva, halafu kinachapa jina la modeli na NDIYO kama seva inaiweza, au HAPANA, ili umeme ukisumbua nijue mashine pepe ipi niihamishie wapi.

Jumamosi umeme ukakata, UPS ikaanza kulia, nikaamua kuipeleka mashine ya mahesabu kwenye ile kongwe. Skripti ilishasema Haswell NDIYO. Ikagoma kuwaka. Kioja ni kwamba hiyo kongwe inajibu NDIYO kwa kila modeli! Nakosea wapi? Natanguliza shukrani.

mzee_wa_rack
Nunueni seva mpya.

Kihesa_Juu
Hela utatoa wewe mkuu? 😄
Mleta uzi, weka hapa mstari unaoamua NDIYO.

Kijana_wa_Mafiat
`print("NDIYO" if not m.get("unavailable-features") else "HAPANA")`

Kihesa_Juu
Nilijua tu. CentOS 7 ilikuja na qemu-kvm 1.5.3. Hiyo sehemu ya `unavailable-features` imeanza QEMU 2.8, mwishoni mwa 2016. Kwa hiyo kongwe yako haikusema NDIYO. Haikusema kitu, wewe ndiye uliyeijibia.

Orodha tupu maana yake hakuna kinachokosekana, modeli itawaka. Sehemu yenyewe isipokuwepo, QEMU haina taarifa. Python yako imevitia vyote kapu moja. Weka jibu la tatu: HAIJULIKANI.

dada_Uyole
Naongezea. Usichape HAPANA kavu, chapa kinachokosekana. Sandy Bridge ukiiomba Haswell itakosa maelekezo ya prosesa kama avx2, bmi1, bmi2, fma, movbe na wenzake, hapo hakuna dawa. Lakini ukiona hle na rtm peke yake (hizo ndizo TSX, miamala ya kumbukumbu), chagua `Haswell-noTSX` isiyozihitaji, maisha yaendelee. HAPANA zote mbili zinafanana kwenye skrini yako, wakati moja ni ukuta na nyingine ni mlango wa pembeni.

Halafu unaiwashaje QEMU unapouliza? Ukisahau `-accel kvm` utajibiwa kuhusu prosesa ya kuigiza, siyo ya seva yako. Mimi hilo lilinila siku mbili, na baridi ya Uyole ya mwezi wa saba unaijua.

Kijana_wa_Mafiat
Dada shikamoo 🙏 kvm nimeweka. Ila majibu nayahifadhi kwenye faili, nauliza mara moja tu ninaposimika seva mpya. Kuna ubaya?

dada_Uyole
Marahaba. Upo. Intel walizima TSX kwenye Haswell kwa maikrokodi (programu ndogo ya ndani ya prosesa) mwaka 2014 baada ya kukuta hitilafu. BIOS mpya inaweza kuja na maikrokodi hiyo, kwa hiyo seva ikiipata, jibu la jana limekufa. Ukihifadhi, andika pembeni toleo la QEMU, la kerneli, la maikrokodi na aina ya mashine pepe (`-machine`) uliyoulizia. Kimoja kikibadilika, uliza upya.

Kihesa_Juu
Na hata modeli ikikubali, kuhamisha mashine ikiwa hewani kutoka QEMU ya leo kwenda 1.5.3 usitegemee. Izime kwanza, uiwashe upande wa pili na modeli ya SandyBridge.

Kijana_wa_Mafiat
Mrejesho: nimeuliza upya zote. Kongwe: HAIJULIKANI mwanzo mwisho. Haswell ya kwanza orodha tupu, ya pili `["hle", "rtm"]`, kumbe jamaa aliyenitangulia alisasisha BIOS ya moja tu. Nimezipa zote mbili `Haswell-noTSX`, mashine ya mahesabu imevuka bila kuzimwa. Ile kongwe nitaipandisha toleo wiki ijayo, bosi akinipa Jumapili.

mzee_wa_rack
Bado nasema nunueni mpya.